Nyekundu Ishuke Kabisa

Kwa mtu aliyekuwa haelewani na rangi, Mwalimu alivaa mashati ya ajabu. Alikuwa nalo moja la kitenge lenye kasuku mgongoni, na jingine la rangi ya machungwa yaliyoiva, kiasi kwamba akitokea upande wa sokoni ulijua ni yeye kabla hujauona uso. Begani alining'iniza mkoba wa ngozi, ndani ya mkoba mlikuwa na kamera, na picha zote zilizotoka kwenye kamera ile zilikuwa za mlima, mabonde na migomba, nyeusi na nyeupe. Siku moja nilimuuliza inakuwaje mtu anayebeba kasuku mgongoni hataki hata ua moja jekundu kwenye picha yake. Alinijibu kwamba shati linatazamwa na watu wengine, yeye mwenyewe hajioni.

Mimi ni mama wa steshenari hapa Moshi mjini. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa kadi za harusi na ratiba za mazishi. Si Mchagga. Baba yangu alikuja kutoka Singida kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko chini, nami nikazaliwa kambini, kwa hiyo mambo mengi ya watu wa mlimani nimeyajua kwa kuambiwa. Mwalimu alikuwa amefundisha jiografia sekondari miaka mingi, akastaafu, akatulia kwenye nyumba yake Rau. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki na watoto walikuwa Dar. Alikuja kwangu mara ya kwanza kuchapisha picha moja tu. Nikaichapa, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akairudisha mezani. Akasema weusi ule haukuwa weusi, ulikuwa kijivu kilichochoka. Akaomba nimpishe kwenye kompyuta dakika chache airekebishe. Nikampisha, na tangu siku hiyo kile kiti cha pembeni kikawa chake.

Nilichokuwa nikikijua mimi kuhusu picha nyeusi na nyeupe ni kubonyeza mahali pamoja tu, rangi zote zikatoka. Mwalimu akiniona nafanya hivyo alikuwa akiniambia nimepika uji. Alinifundisha kwamba rangi haiondoki, inageuka kuwa mwanga au giza, na ni wewe unayeamua. Programu ile ina mstari kwa kila rangi, na kwenye mstari kuna kitufe unachokiburuta kwa mausi kushoto au kulia. Bluu ukiiburuta kushoto, anga linakuwa jeusi na theluji ya kilele cha Kibo inang'aa hata kama ni kidogo. Kijani ukikipeleka kulia, majani ya migomba yanawaka kama yamepakwa mafuta. Njano nayo ina ukorofi wake, kwa sababu majani mengi unayodhani ni ya kijani ndani yake yamejaa njano. Aliweza kumaliza asubuhi nzima kwenye picha moja, akisogeza kitufe kidogo, akikirudisha, akiinua miwani, akiishusha. Wateja walikuwa wakisubiri huku wanamtazama, na wengine walisahau walichokuja kuchapa.

Uvumilivu wote huo uliishia kwenye picha. Nje ya pale hakuwa na subira ya kungoja hata supu. Foleni ya benki alikuwa akiikimbia, anarudi kwangu akilalamika kana kwamba benki ni yangu. Printa ikikwama aliigombeza kwa majina aliyokuwa akiwaita wanafunzi wazembe. Na hao wanafunzi wake, ambao sasa ni watu wazima wenye vitambi, wakiingia dukani na kumwamkia shikamoo, hakuitikia marahaba mpaka amewauliza swali. Nilimwona meneja mzima akisimama na faili mkononi akijaribu kukumbuka kwa nini mvua ni nyingi upande wa kusini wa mlima kuliko upande wa kaskazini. Alipokosea, Mwalimu aliitikia marahaba kwa huzuni.

Mlima wenyewe alikuwa akiuzungumzia kama jirani mwenye maringo. Asubuhi ukimuuliza habari za Rau alikujibu, "Leo hajatoka," maana yake mawingu yamefunika. Mlima ukitoka, aliacha chai na kwenda. Jirani yangu mmoja, mzee wa Kihindu mwenye duka la vitambaa, alichapisha picha kubwa ya Kibo aliyoipiga Mwalimu akaitundika nyuma ya kaunta. Wateja wakawa wanauliza kama ni picha ya enzi za babu yake, naye anawaambia imepigwa juzi juzi tu. Mwalimu aliposikia hivyo alifurahi wiki nzima. Alisema hiyo ndiyo sababu ya kuipenda kazi ile, kwamba picha isiyo na rangi haina mwaka. Huwezi kujua ni jana au ni wakati baba yake yeye Mwalimu alipokuwa hai.

Yule mzee wa vitambaa akamwomba ampigie picha mama yake, bibi wa miaka mingi aliyekuwa anakaa kwenye kiti kibarazani. Mwalimu akakataa. Alikataa vilevile harusi, ubatizo na kipaimara. Hakuwa akipiga watu. Alisema mtu anahama na mlima hauhami. Mtu ukimpiga leo kesho amebadilika, kisha anakulaumu wewe. Nilimtania kwamba ndiyo maana ana picha mia za migomba na hakuna hata mgomba mmoja unaomshukuru. Akacheka, lakini si sana.

Kitu kimoja kilinishangaza kuliko vyote. Picha yoyote aliyoifungua, kabla ya bluu na kabla ya kijani, alikwenda kwanza kwenye mstari wa nyekundu na kuuburuta kushoto mpaka mwisho. Hata picha isiyokuwa na nyekundu ya kuonekana aliifanyia hivyo. Alipoanza kuchoka macho na kunikabidhi mausi, sentensi yake ya kwanza ilikuwa hiyo hiyo: "Nyekundu ishuke kabisa." Nikamuuliza nyekundu imemkosea nini. Akasema nyekundu inajipendekeza, ukiiacha jicho halioni kingine. Mimi nikajua ni utaalamu wa watu wa picha, nikashusha.

Baadaye tuliuhifadhi mpangilio huo, ikawa picha ikiingia tu kwenye programu inageuka yenyewe, nyekundu imeshashuka. Na kamera nayo alikuwa ameiweka imwonyeshe nyeusi na nyeupe kwenye kioo chake, ingawa ndani inatunza rangi. Kwa hiyo Mwalimu alifikia mahali ambapo picha zake mpya hakuziona na rangi hata mara moja. Alijivunia hilo.

Picha aliyoipiga kuliko zote haikuwa ya Kibo. Ilikuwa ya mteremko mmoja wa Mwika, uliotazamwa kutoka ng'ambo ya korongo. Migomba, mibuni chini yake, miti mirefu ya kivuli, na moshi wa jikoni ukitoka katikati. Aliipiga kabla ya mvua na baada ya mvua, wakati wa kuchuma kahawa na wakati wa ukungu, mwaka baada ya mwaka, akisimama pale pale. Nilidhani ni mahali pazuri alipopagundua. Nikimuuliza wanakaa akina nani, alijibu, "Watu," na kuendelea kuburuta.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa Mwika aliyekuja kutoa kopi za nyimbo za kwaya. Alisimama nyuma yetu, akatazama kompyuta, akasema, "Mwalimu, hapo si kwenu hapo?" Mwalimu akainuka, akasema anakwenda kununua soda, na hakurudi siku ile. Yule mama akavuta kiti akanieleza.

Wenzetu hawa wana kihamba. Ni shamba la nyumbani lililozunguka nyumba, migomba na kahawa, ambalo linashuka kutoka kwa baba kwenda kwa watoto wa kiume, na ndimo wanamozikwa wazee. Kwa mila zao mtoto wa kwanza anapata sehemu yake, na wa mwisho anabaki na nyumba ya wazazi. Mwalimu ni wa kwanza, na mdogo wake ndiye wa mwisho. Mwalimu alipokuwa akifundisha huku na huko, mdogo aliishi pale, akawauguza wazazi, akawazika. Kisha bei ya kahawa ikawa ya kukatisha tamaa, na mdogo akang'oa mibuni ya baba yao upande wake wote, akapanda mahindi na maparachichi, akajenga nyumba mpya yenye bati jekundu. Mwalimu alipokwenda mlimani kwa likizo akakuta mashina yamerundikwa kuwa kuni. Baba yao alikuwa ameipanda ile mibuni kwa mkono wake. Kwenye kikao cha ukoo, mbele ya wazee na watoto, Mwalimu alisema kuanzia siku ile yeye hana mdogo. Akashuka Moshi, na hakupanda tena kukanyaga pale.

Neno kama lile halifutwi kwa simu. Wachagga wana mmea wanaouita isale. Aliyekosa anabeba jani lake na kwenda nalo kwa aliyemkosea, na akishalipeleka kwa heshima, yule mwingine hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Aliyetamka maneno ni Mwalimu, kwa hiyo wa kubeba jani ni Mwalimu. Ila yeye ni mkubwa, tena mwalimu wa watu, na aliona huyo mdogo ndiye aliyeanza kwa shoka. Basi ndugu wawili wakazeeka hivyo, mmoja Rau na mwingine Mwika, safari ya asubuhi na kurudi.

Baada ya kujua, picha zile nilizitazama vingine. Siku moja, huku ananiagiza niburute hiki na kile, nikaelewa tunafanya nini. Nyekundu ikishuka, bati la mdogo wake linakuwa jeusi na kuzama kwenye kivuli cha migomba. Njano ikishuka, mahindi yanapoteza ule mng'ao na kufanana na mibuni ya upande wa pili. Ule mpaka kati ya sehemu ya mkubwa na sehemu ya mdogo unapotea. Tukimaliza, kihamba kilikuwa kimoja, hakijang'olewa kitu, kama baba yao alivyokiacha. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumtania.

Lakini nilimwambia. Nilisema, "Mwalimu, kwa nini usivuke tu hilo korongo?"

"Nitavuka," akasema. "Acha mvua ziishe."

Mvua ziliisha, ikawa acha wamalize kuchuma. Wakamaliza, ikawa goti. Wazee wa ukoo walishuka Rau kumwita, akawapa chai na mikate, akawaeleza habari za lensi mpaka wakaaga. Krismasi, wakati Wachagga wote kutoka Dar na Nairobi wanapanda na barabara ya Himo haipitiki kwa magari, yeye alikuwa na mafua. Kila Krismasi mafua. Mimi hufungua duka mchana wa sikukuu kwa ajili ya watu wa kadi, na mwaka mmoja alikuja na shati lake la machungwa, akakaa kwenye kiti chake, akaomba nimfungulie picha za Mwika. Tulikuwa wawili tu. Akaonyesha kwa kidole mahali moshi unapotoka, akasema saa hizi watakuwa wanachinja mbuzi. Nilimkatia kipande cha keki, akakishika mkononi muda mrefu bila kukila.

Na bado alikuwa akienda ng'ambo ya korongo kupiga picha. Hilo ndilo lililokuwa likiniumiza kichwa. Mtu anayesema hana mdogo anapanda gari mpaka Mwika, anatembea kwa fimbo njia ya utelezi, anasimama kule kama mtalii na kuipiga picha nyumba ya baba yake kutoka mbali. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umeshamwingia macho yote mawili. Daktari alimwambia afanyiwe upasuaji, naye akaahirisha kama alivyoahirisha kila kitu. Alipokuwa kule ng'ambo, nadhani aliona ukungu wa kijani tu, na mengine akaiachia kamera iyaone.

Kisha mdogo akafa. Alianguka shambani asubuhi, jioni hakuwepo. Mtoto wake wa kike alimpigia simu Mwalimu, na si kumpa taarifa tu. Alimwambia, "Baba mkubwa, hatuna picha nzuri ya baba ya kuweka kwenye jeneza. Wewe ndiye mwenye kamera."

Mwalimu alikuja kwangu kesho yake duka likifunguliwa. Hakuwa amechana nywele. Nikamwambia pole, akaitikia kwa kichwa, akakaa, akanieleza alichoambiwa. Akasema yeye hajawahi kumpiga mdogo wake picha, hapigi watu, ila labda kwa bahati kuna mahali alipita. Aliniomba nimtafutie. Kumwona yule mzee akiomba kitu kwa sauti ile kulinitia uchungu.

Ili nikuze vizuri sikufungua ile programu yake. Nilifungua picha moja ya Mwika kwa njia ya kawaida ya kompyuta, na ikaja na rangi zake.

"Hiyo si yangu," akasema.

Nikamwambia ni yake. Alitazama kana kwamba nimemfungulia nyumba ya watu wengine. Mahindi ya njano yalikuwa pale, bati jekundu lilikuwa pale, limechakaa kidogo. Na pembeni, mahali migomba inapokwisha na korongo linapoanza, palikuwa na kidoa chekundu. Nikakuza. Kikawa mtu. Mwanamume amevaa sweta jekundu, amesimama wima, mikono imeshuka, ameelekea huku tulipo sisi.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

Mwalimu alivua miwani, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Ndiye."

"Umemjuaje, Mwalimu? Uso hauonekani."

"Anavyosimama. Baba alikuwa anasimama hivyo." Kisha akasema, "Fungua nyingine."

Nikafungua ya msimu uliotangulia. Alikuwepo. Nikafungua ya wakati wa ukungu, kidoa kilikuwa kimefifia lakini kilikuwepo, pale pale. Nikarudi nyuma mwaka baada ya mwaka na yule mtu wa sweta akawa anatokea, kwenye kila picha ambayo sisi tuliifungua pamoja, tukaishusha nyekundu, na kuisifu jinsi ilivyotulia. Kwenye zetu, mahali pake palikuwa na weusi tu wa kivuli cha mibuni. Mwalimu alikuwa ameweka kiganja juu ya meza.

"Alikuwa ananisubiri," akasema. "Mimi nikamfuta. Sikukosea hata picha moja."

Alilia pale dukani, mzee mzima, na mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa akarudi nje taratibu. Nilimshika bega. Sijawahi kumsikitikia mtu kama nilivyomsikitikia yeye siku ile.

Picha ya jeneza haikupatikana. Nilijaribu kukikuza kile kidoa mpaka kikawa vipande vya rangi, hakuna macho, hakuna mdomo. Mwishowe binti wa marehemu alituma kwa simu picha ya kitambulisho cha baba yake, nikaikuza hiyo hiyo, ikatoka na ule uso wa mtu aliyeambiwa asicheke. Niliipeleka mwenyewe Mwika kwenye fremu. Kwa hiyo nilikuwepo siku ile Mwalimu alipoingia kwenye kihamba kwa mara ya kwanza tangu kikao. Alikuja amevaa koti jeusi, na mkononi alishika jani la isale. Watu walimpisha njia. Wazee wa ukoo wakanong'onezana, maana aliyestahili kulipokea alikuwa amelala kwenye sanduku. Mjane ndiye aliyeinuka kutoka kwenye mkeka, akatembea mpaka alipo, akalipokea kwa mikono miwili. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema kwa Kichagga neno ambalo sikulielewa, na wanawake wakaanza kulia upya.

Baada ya mazishi hakuja tena dukani. Nilisikia anapanda Mwika kila wiki, mara nyingine analala huko. Kiti chake nilikiacha, wateja wakawa wanaweka mikoba juu yake. Masika yalipopita nikafunga duka Jumamosi moja, nikanunua sukari na majani ya chai, nikapanda kumjulia hali.

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba ya bati jekundu, amekonda, fimbo katikati ya magoti. Macho yalikuwa yamezidi kuwa meupe. Nikamwamkia, akanijua kwa sauti, akaitikia bila kuniuliza swali lolote la jiografia. Shemeji yake, yule mjane, alinikaribisha kwa furaha, na kwa kuwa mimi Kichagga kinanipita, akaongea Kiswahili muda wote. Tulikunywa chai. Kisha akasema twende anionyeshe kihamba, na Mwalimu akasema naye anakuja. Shemeji akamshika mkono, akawa anamwambia hapa kuna jiwe, hapa kuna mfereji.

Tukafika ukingoni, migomba inapokwisha. Chini kulikuwa na korongo na sauti ya maji, na ng'ambo, mbali, ule uwazi ambao Mwalimu alikuwa akisimama na kamera. Kutoka pale mtu aliyesimama ng'ambo angeonekana mdogo kama kijiti. Shemeji akasema hapo ndipo mume wake alipokuwa akisimama. Watoto waliotoka shule walikuwa wakija mbio kumwambia baba mkubwa yuko ng'ambo, naye anaacha alichoshika, hata kama ni chakula, anavaa sweta lake na kutoka. Lile sweta alilinunua mnadani Himo, kwenye mitumba. Wauzaji walikuwa na la kijani zuri zaidi, akalikataa. Alisema kwa mtu aliye mbali, nyekundu ndiyo inayoonekana.

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Kwa nini hakuita?" nikamuuliza shemeji.

"Sauti haivuki, mama. Maji yanaimeza. Na kuvuka akaogopa, alisema mkubwa ndiye anayejua siku ya kuja." Akaondoa jani kavu lililoanguka begani kwa Mwalimu. "Kwa hiyo alikuwa anasimama tu apigwe picha, mpaka wewe ufunge mkoba uondoke. Halafu anarudi ndani, anaanza kuniuliza. Sijui leo nimetoka vizuri? Mimi ningejuaje? Nikamwambia siku ndugu yako akija atazileta, utajiona. Basi sasa nakuuliza wewe, shemeji, maana mwenyewe hayupo. Alikuwa anatoka vizuri?"

Mwalimu alishika fimbo kwa mikono yote miwili.

"Alikuwa anatoka vizuri," akasema. "Zote, shemeji. Zote alitoka vizuri."

Shemeji akasema asante, akainama kuokota ukuni mmoja uliokuwa njiani, akatuambia turudi ndani tukale ndizi kabla hazijapoa.